Taa za Pikapu ya Clemens

Taa za dashibodi zilikuwa zinacheza, na fundi umeme aliyeinama mbele yake akasema zimetulia.

Tulikuwa watu saba tumeizunguka ile pikapu. Wote saba tuliziona. Zilififia, zikawaka, zikafifia tena, na ile taa nyekundu ya betri ilikuwa inakonyeza kama kijana aliyemwona mchumba wa mwenzake.

"Mzee, unasema zimetulia?" nilimuuliza.

"Zimetulia. Au wewe binti wa mashine una habari nyingine?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Niliamini nimemkamata mwongo mchana kweupe, nikaamua kila mtu amwone.

Nilichokifanya baada ya hapo sijawahi kumsimulia mtu kwa ukamilifu wake.

Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa umeme katika chuo kimoja jijini Mbeya. Kwetu ni Sumbawanga, kata ya Pito, ingawa Kifipa changu ni cha kubabaisha. Mama yangu ni Mnyiha, na nyumbani tulilelewa kwa Kiswahili.

Mwezi wa saba mwaka juzi nilipangiwa mafunzo kwa vitendo kwenye gereji ya Bwana Adriano, mjini Sumbawanga. Wiki nane, kisha ripoti. Ripoti ndiyo inayobeba alama.

Nilifika nikiwa na mita mpya ya kupimia umeme, ovaroli lililopigwa pasi, na imani kubwa kwamba nimekuja kuleta mabadiliko.

"Karibu, injinia," Isdori alinipokea. Isdori alikuwa fundi injini, mtu wa maneno. "Hapa kazi ni mbili tu. Kupaka grisi na kupakwa grisi."

"Nimekuja kujifunza, kaka."

"Poa. Basi jifunze kukaa mbali na yule pale. Hapendi maswali."

Yule pale alikuwa Mzee Maximilian.

Alikuwa na miaka sitini na kitu, mwembamba, kofia ya sufu ameivuta hadi kwenye nyusi kwa sababu ya baridi. Kazi yake aliifanya kwa namna iliyonitia aibu mimi msomi. Waya ukishukiwa, hakuupima. Aliwasha taa zote za gari, kisha akaupitisha waya ule polepole juu ya mdomo wake wa chini, kama mtu anayejaribu filimbi.

"Mzee, unafanya nini?"

"Nautafuta moto. Waya ukiwa na ungio bovu, hapo mahali panapata joto. Vidole vya fundi vimekufa ganzi kwa spana. Mdomo bado unasikia."

Kwenye daftari langu niliandika: njia zisizo za kitaalamu.

Gereji ilikuwa na sheria moja, na Bwana Adriano aliipenda kuliko vifaa vyake vyote. Gari likirudi mara tatu na tatizo lilelile, fundi aliyelishika anafungasha vyake. Haijalishi ni nani.

Isdori aliniambia kwamba Mzee Maximilian alikuwepo tangu gereji ikiwa turubai moja na mawe mawili, na kwa miaka yote hiyo hakuna gari lililomrudia hata mara mbili.

"Akitoka hapa anakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Hapa ndipo anapokwenda. Mke amefariki, nyumbani kuna binti na shamba la ulezi. Huyu ukimnyima gari la kushika, umemzika."

Aliyeniudhi kwanza, hata hivyo, hakuwa mzee. Alikuwa Victoria.

Victoria alikuwa binti yake, mwanamke wa miaka thelathini hivi, naye aliuza chai palepale gereji. Asubuhi waliongozana kutoka kwao Mollo, kapu la vikombe katikati yao, huyu ameshika mpini huu na yule ule. Jiko lake la mkaa alilitega hatua mbili tu kutoka kwenye gari analoshughulika nalo baba yake. Gari likihama, jiko linahama.

Kutwa nzima walizungumza Kifipa. Maneno mafupi mafupi, mzee kichwa kimezama kwenye boneti, binti anakoroga chai. Mara kwa mara mmoja wao alicheka.

Niliamini wananisengenya.

Lakini sikumwondoa kwa sababu hiyo, au ndivyo nilivyojiambia. Betri inapochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Petroli inavuja chini ya kila gari la pili. Na hapo katikati kuna makaa ya moto. Nilichukua karatasi ya manila na kalamu nyekundu, nikaandika KANUNI ZA USALAMA, namba moja hadi kumi na mbili. Ya nne ilisema hakuna moto wala mchuuzi ndani ya eneo la kazi.

Bwana Adriano aliisoma amekunja mikono. Siku zile alikuwa anaomba kupewa matengenezo ya magari ya kampuni moja ya pembejeo, na alijua wageni wa aina hiyo hupenda kuona karatasi ukutani.

"Ipigilie," akasema.

Victoria akahamia ng'ambo ya barabara siku hiyohiyo. Alibeba jiko kimya kimya, ila alipopita karibu nami alisema kwa upole, "Haya, dada. Umeishinda sufuria."

Mchana ule Mzee Maximilian akanifuata.

"Binti, yule mwache akae. Nimezoea awe karibu."

"Chai utaifuata, mzee. Ni hatua ishirini tu."

"Azime jiko. Chai ailete kwenye chupa. Lakini yeye akae."

Nilimwonyesha kwa kidole, kwenye karatasi, neno mchuuzi.

Aliitazama karatasi. Kwa usahihi zaidi, aliutazama ukuta, pembeni kidogo mwa karatasi. Sikulitia maanani.

Kesho yake akaniomba tena, na mara hii aliniita mwanangu. Nikamjibu kwamba kanuni ikivunjwa kwa ajili ya mtu mmoja haina maana kwa mtu mwingine yeyote. Niliipenda sana sentensi ile. Niliiandika hata kwenye daftari.

Wiki iliyofuata pikapu ya Clemens ikaja.

Clemens alikuwa ananunua mpunga Kaoze, kule bondeni, anaupandisha mjini. Shida yake ilikuwa hiyo: taa za dashibodi zinachezacheza, hasa akiwa anapanda mlima kurudi. Mzee alisikiliza injini, akapapasa, akapitisha waya mdomoni, akaunganisha.

Baada ya siku mbili ikarudi, na sasa taa ya betri haizimiki kabisa. Akaishika tena. Ikarudi tena.

"Mzee, hii ni ya pili," Bwana Adriano akamwambia mbele ya wote. "Imebaki moja."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na nafasi moja imebaki, na kila mtu pale gereji alijua.

Alipokwenda chooni nilichungulia kazi yake. Nyaya mbili za plagi ya alteneta, ile mashine inayochaji betri, zilikuwa zimebadilishana mahali. Wa kijani uliingia kwa wa njano. Kosa la mtu wa siku ya kwanza. Niliona ni uzembe wa mtu aliyezoea kusifiwa, na damu ikanichemka kwa niaba ya wateja wote wa nchi hii.

Ndipo tukafika pale nilipoanzia. Clemens amewasha injini, taa zinacheza, na mzee anasema zimetulia.

Nilizima gari. Nikachomoa ile plagi, nikavuta nyaya mbili, nikamshikisha.

"Mzee, nisaidie kwa ajili ya ripoti yangu. Wa kijani ni upi?"

Isdori akacheka. "Mzee, jibu mtihani. Ukifeli unarudia darasa."

Mzee Maximilian alizisugua nyaya kwa vidole. Akazipindua. Akaupeleka mmoja mdomoni, na watu wakaangua kicheko, kwa kuwa gari lilikuwa limezimwa na waya haukuwa na joto lolote la kumwambia kitu.

"Huu," akasema.

Ulikuwa wa njano.

"Jaribu tena."

Zilikuwa mbili tu, kwa hiyo safari hii alipatia. Nikazichukua, nikazigeuzageuza mara kadhaa kama tunavyowachezea watoto wadogo, nikamrudishia.

"Na sasa?"

Kicheko kilikuwa kimekatika. Isdori alisema kwa sauti ya chini, "Dada, inatosha."

Haikunitosha. Nilinyoosha mkono nikaupitisha mbele ya macho yake. Kushoto, kulia, kushoto. Mboni zake hazikuufuata.

"Mkono wako unanukia sabuni ya kufulia," Mzee Maximilian akasema. "Ushushe, binti. Wameshaona."

Hakuna aliyejua aangalie wapi.

"Tangu lini, mzee?" Bwana Adriano akauliza.

"Mwaka wa nne huu. Vivuli naviona."

Bwana Adriano hakumfokea. Alimwambia tu akusanye vifaa vyake. Mzee akavikusanya kwa kupapasa, hadharani, kwa kuwa hapakuwa tena na sababu ya kujificha. Kila spana aliijua. Ilimchukua muda mrefu, na hakuna aliyemsaidia. Mimi nilikuwa karibu kuliko wote, na nilikuwa naandika.

Alipomaliza alisimama akaelekea mahali aliponisikia mara ya mwisho.

"Gari hilo linaumwa bondeni," akasema. "Hapa juu ni baridi. Hapa halitakuambia kitu."

Nilikuwa nimeshasogea upande wa pili. Maneno yale aliliambia tairi.

Victoria alivuka barabara akampokea sanduku. Wakaondoka.

Nikabaki na pikapu, na kuanzia hapo nilifanya kila kitu kama kitabu kinavyotaka. Nilirudisha nyaya mahali pake, nikawasha injini, taa kubwa na feni ili umeme utumike kwa wingi. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha injini. Hapo mita inapaswa kusoma karibu na sifuri. Ilisoma karibu volti moja. Nikaufuata waya wa ethi, ule unaounganisha betri na chuma cha gari, hadi mwisho wake, nikakuta umeota kutu chini ya boliti. Nikaufungua, nikausugua kwa msasa hadi ukang'aa, nikaukaza. Taa zikatulia tuli. Betri ikasoma volti kumi na nne na nukta mbili.

Wakanipigia makofi. Clemens akaninunulia soda.

Wiki ile niliandika sura nzima ya ripoti kuhusu tukio hilo. Nakumbuka maneno: "Fundi asiyeona alihatarisha maisha ya wateja, na hatua stahiki zilichukuliwa kufuatia uchunguzi wa mwandishi." Bwana Adriano aliomba nakala ya sura hiyo. Nikampa kwa fahari.

Siku ya nne, saa saba mchana, Clemens akapiga simu.

Pikapu ilikuwa imezimika katikati ya mlima, ikiwa na shehena ya mpunga na mama mkwe wake kiti cha mbele. Taa zilianza kucheza walipotoka Kaoze. Zikacheza, zikacheza, kisha zikafa zote, kisha injini nayo. Ililetwa inavutwa na lori.

"Injinia wa soda," Clemens aliniita alipofika. "Tapika soda yangu."

Isdori hakumwangalia mtu. Alimuuliza bosi, "Hii si ni ya tatu? Sheria inasemaje kwa aliyeishika?"

"Sheria ni ya mafundi," Bwana Adriano akajibu. "Huyu ni mgeni wa chuo."

Msamaha ule uliniuma kuliko matusi ya Clemens. Nilipima gari kutwa nzima. Volti kumi na nne na nukta mbili. Taa zimetulia. Gari zima kama mtu mwenye afya.

Jumamosi nikaenda Mollo.

Victoria alikuwa uani anapeta ulezi. Aliniona tangu mbali na hakuacha kupeta.

"Baba, amekuja yule wa karatasi."

Mzee Maximilian alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba. Nikapiga goti. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Keti."

Niliketi. Upepo ulikuwa mkali, nami nilikuwa nimeipanga hotuba ya msamaha njia nzima. Kabla sijaianza akauliza:

"Umekuja kwa ajili yangu, au kwa ajili ya gari?"

Nilipaswa kusema kweli. Kweli yenyewe ilikuwa yote mawili, na gari ndilo lililonitoa nyumbani.

"Kwa ajili yako, mzee."

"Vizuri. Basi gari tusilitaje."

Na hatukulitaja. Victoria alileta uji wa ulezi. Mzee akaniuliza hali ya wazazi, mahindi ya Pito, baridi ya Mbeya. Nikajibu kila kitu. Kila nilipofungua mdomo kuelekea kwenye alteneta, aligeuza uso wake kwangu na kusubiri kwa adabu kubwa, nikashindwa. Nilikunywa uji wote. Alijua nilichokuja nacho, na akaniacha nirudi nacho.

Victoria alinisindikiza hadi njiani.

"Unajua tulichokuwa tunazungumza, mimi na baba, pale gereji?" akauliza.

"Sikijui Kifipa vizuri, dada."

"Rangi. Yeye anauliza ya huu, mimi namtajia. Nyekundu, kijani, njano. Taa imewaka, taa imezima. Miaka minne. Akipatia kitu kigumu tunacheka. Wewe ulidhani tunakusema."

Nilisimama katikati ya njia.

"Mbona hamkuniambia?"

"Alikuomba mara mbili. Baba yangu hajawahi kumwomba hata padri mara mbili." Alipangusa pumba mikononi. "Kabla hujaja, gari gani lilimrudia? Litaje moja."

Nilianza kuyahesabu kichwani, nikaishia kwenye pikapu ya Clemens.

"Rudi salama, injinia," akasema, na akageuka.

Nilitembea hadi mjini kwa miguu. Njiani ndipo yale maneno yaliyoambiwa tairi yakanifikia: gari linaumwa bondeni, hapa juu ni baridi.

Jumatatu nilifunga radieta ya pikapu kwa boksi la kadibodi, ili injini ipate joto kama la bondeni. Nikawasha injini, taa zote, feni, nikaiacha ikinguruma huku naangalia isichemke kupita kiasi. Dakika kumi, hakuna kitu. Dakika ishirini, alteneta imekuwa ya moto kiasi cha kutoshikika, mita ikaanza kushuka. Kumi na nne. Kumi na tatu. Kumi na mbili. Kwenye dashibodi taa zikaanza kucheza.

Ilikuwa reguleta, kile kifaa cha ndani ya alteneta kinachodhibiti chaji. Kikipata joto la bonde na la kupanda mlima, kinakata. Kikipoa huku juu, kinapona. Kutu niliyoisugua mimi ilikuwa ugonjwa mdogo uliokaa juu ya ule mkubwa, na zile nyaya zilizobadilishana ni matunda ya kanuni yangu ya nne. Tulibadilisha reguleta, na pikapu haijarudi tena.

Jioni ile niliingia ofisini kwa Bwana Adriano, nikamweleza yote. Victoria, rangi, joto, bonde. Nikamwomba amrudishe mzee pamoja na binti yake, bila jiko.

Alinisikiliza hadi mwisho. Sikutegemea jibu lake.

"Namtaka hata kesho," akasema. "Tangu aondoke nakosa usingizi. Lakini ripoti yako imeshakwenda kwa wale wa pembejeo, inasema huyu mtu ni hatari. Nikimrudisha na kitu kikatokea, karatasi yako ndiyo itakayonifunga. Iandike upya. Sema kilichotokea kweli. Sema wewe ndiye uliyemwondolea binti yake, na gari la Clemens lilizimika mkononi mwako, na yeye alikuwa ameshakuambia. Nakala moja kwangu, moja chuoni. Ukinipa asubuhi, saa nne nakwenda Mollo mwenyewe."

Hakikuwa kitu kingine ila ukweli, na nilikuwa na usiku mzima.

Niliandika kichwa cha habari: Marekebisho ya Ripoti. Niliandika sentensi ya kwanza. Kisha nikafikiri juu ya kurudia mafunzo mwaka unaofuata, juu ya baba yangu aliyekwisha kuiambia jumuiya nzima kwamba binti yake ametengeneza gari lililowashinda mafundi, nikaifunga ile kalamu.

Asubuhi nilimwambia Bwana Adriano kwamba bado naitafakari.

Hakuniuliza tena hadi wiki nane zilipokwisha. Siku ya mwisho alinipa mkono na kusema, "Basi." Neno hilo tu.

Nilipeleka chuoni ripoti ile ya kwanza. Nilipata alama ya juu kuliko darasa zima. Msimamizi aliandika pembeni kwamba nimeonyesha ujasiri wa kimaadili.

Mzee Maximilian hajashika gari tangu siku ile.

Wewe unayekwenda mafunzoni mwaka huu na kichwa kilichojaa kanuni nzuri, nenda nazo. Makaa kando ya betri ni hatari hadi leo, na ningeyaondoa tena. Lakini kabla hujamwondoa mtu mahali pake, muulize anafanya nini pale. Mtu mzima asiyezoea kuomba akikuomba jambo moja mara mbili, weka kalamu chini. Na ukishajua umekosea, andika siku hiyohiyo, kwa maana mimi niliusubiri ujasiri uje wenyewe, na huu ni mwaka wa pili.

Nimeyaandika hapa kwa kuwa hapa hakuna anayenipa alama.

Chuoni bado sijaandika.